MBEGU, PINGILI NA KOMPYUTA: SOMO LA URITHI



Siku moja katika darasa la kisomo mama mmoja alisimama akauliza swali. Alisema, "Mwalimu, mimi nina shamba la mihogo. Kila mwaka napanda pingili, na kila mwaka napata mihogo ile ile. Lakini pembeni ya shamba umeota mche wenyewe, kutokana na mbegu iliyoanguka. Mche huo haufanani na mihogo yangu hata kidogo. Majani yake mengine, shina lake jingine. Je, mgeni huyu katoka wapi?"

Wengine walicheka. Mzee mmoja akasema, "Ung'oe huo, mama. Ni magugu tu."

Lakini swali la yule mama lilikuwa swali kubwa. Ndani yake mna habari za urithi wa mimea, wanyama na watu. Tena mna habari za kompyuta, mashine ambayo siku hizi imo hata ndani ya simu tunazotia mfukoni. Katika somo hili tutamjibu mama. Pia tutaona kwa nini si vizuri kung'oa upesi kila kitu kisichofanana na vingine.

PINGILI NI MMEA ULE ULE

Tunapokata shina la mhogo na kulipanda, hatupati mtoto wa mhogo. Tunauendeleza mmea ule ule wa zamani. Kama mmea wa kwanza ulikuwa mtamu, wa mia nao utakuwa mtamu. Kama wa kwanza ulikuwa mchungu, wa mia nao utakuwa mchungu. Viazi vitamu tunavyopanda kwa marando, na migomba tunayopanda kwa machipukizi, ni vivyo hivyo. Hii ni faida kubwa, maana mkulima anajua anachopanda.

Mbegu ni jambo jingine. Mhogo ukiachwa shambani muda mrefu unaweza kutoa maua. Yako maua ya kiume na maua ya kike. Nyuki na wadudu wengine huchukua unga wa ua la kiume, yaani chavua, na kuupeleka kwenye ua la kike. Hapo ndipo mbegu hupatikana. Mbegu hiyo ina baba na ina mama. Mche wake ni mtoto. Mtoto hufanana na wazazi wake, lakini hawi sawasawa na mzazi yeyote.

Basi jibu la kwanza ni hili: mgeni wa yule mama ni mtoto. Ile mihogo mingine yote ya aina moja shambani mwake ni kama mmea mmoja uliokatwa vipande vingi.

BARUA KUTOKA KWA BABA NA MAMA

Kila chenye uhai kimejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli. Nyingi ni ndogo hata hatuwezi kuziona kwa macho matupu. Ndani ya seli kuna maagizo ya kujenga kiumbe: rangi iwe hii, jani liwe hivi, mzizi uwe hivi. Kipande kimoja cha maagizo hayo huitwa jeni. Jeni nyingi zimepangwa katika nyuzi ndefu, kama maneno yanavyopangwa katika mistari ya barua. Nyuzi hizo huitwa kromosomu. Seli ya mtu kwa kawaida ina kromosomu 46. Seli ya mhogo ina 36.

Mtu hupata kromosomu 23 kutoka kwa mama yake na 23 kutoka kwa baba yake. Kila mzazi hutoa nusu. Na kabla ya kutolewa, nusu hiyo huchanganywa kama mchezaji anavyochanga karata. Ndiyo maana watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawafanani. Huyu kachukua urefu wa babu, yule kachukua pua ya shangazi.

Hapa tuseme jambo moja ambalo limeleta ugomvi katika nyumba nyingi. Wapo wanaume wanaowalaumu wake zao kwamba wanazaa wasichana tu. Wengine hata huwafukuza. Haya ni makosa. Kati ya zile kromosomu 46, mbili huhusika na mtoto kuwa wa kiume au wa kike. Kwa kawaida mama ana mbili za aina moja, ziitwazo X na X. Baba ana X na Y. Mama hutoa X siku zote, maana hana nyingine. Baba akitoa X, mtoto atakuwa msichana. Akitoa Y, atakuwa mvulana. Kwa hiyo tofauti hutoka kwenye mbegu ya baba. Na baba mwenyewe hachagui, ni bahati ya karata. Basi mke asilaumiwe kwa jambo asiloliweza.

MTAWA NA NJEGERE ZAKE

Mambo haya yalianza kufahamika kwa kazi ya bustani. Mtu aliyeifanya alikuwa mtawa, jina lake Gregor Mendel. Aliishi katika mji wa Brno, ambao leo uko nchi ya Ucheki. Kuanzia mwaka 1856 mpaka 1863 alipanda njegere, akazihesabu na kuandika.

Alikuwa na njegere za aina mbili. Aina moja mbegu zake ni laini, za mviringo. Aina ya pili mbegu zake zina mikunjo. Alizichanganya kwa kuchukua chavua ya aina moja na kuipaka kwenye ua la aina ya pili. Watoto wote wakawa laini. Mtu angedhani mikunjo imekufa. Lakini Mendel aliwapanda watoto hao, akaacha wazae. Alipata mbegu 7,324. Kati yake 5,474 zilikuwa laini, na 1,850 zilikuwa na mikunjo. Kumbe mikunjo haikufa! Ilijificha kwa watoto, ikatokea kwa wajukuu. Na hesabu yake ilikaribia tatu kwa moja.

Kwa nini tatu kwa moja? Wewe mwenyewe unaweza kujaribu. Chukua makopo mawili. Moja ni baba, la pili ni mama. Katika kila kopo tia punje 10 za mahindi na vijiwe 10. Punje ni agizo la ulaini. Kijiwe ni agizo la mikunjo. Fumba macho, toa kimoja kutoka kila kopo. Hiyo jozi ni mtoto mmoja. Iandike, kisha rudisha vitu makoponi, utikise, utoe tena. Fanya hivyo mara 40. Agizo la ulaini lina nguvu zaidi, kwa hiyo jozi yoyote yenye punje, hata punje moja, ihesabu kuwa laini. Jozi ya vijiwe viwili ihesabu kuwa na mikunjo. Utapata laini karibu 30 na mikunjo karibu 10.

Mendel alisoma habari hizi mbele ya wenzake mwaka 1865, na zikachapwa mwaka 1866. Ni wachache sana waliozijali. Alifariki mwaka 1884. Ilipofika mwaka 1900 ndipo wataalamu wengine walipoona kwamba mtawa yule alisema kweli.

Somo hili linamhusu mkulima wa mahindi pia. Ukinunua mbegu chotara ya mahindi, mwaka wa kwanza mimea hufanana na huzaa vizuri. Ukiweka akiba punje za mavuno hayo na kuzipanda, mwaka wa pili mimea hutofautiana: huu mrefu, ule mfupi, na mavuno kwa kawaida hupungua. Si uchawi, wala ardhi haijakasirika. Ni maagizo yaliyojificha, yamechangwa upya.

KISAMVU CHA MPIRA KILIVYOOKOA MIHOGO

Sasa turudi kwenye mihogo. Mwaka 1894 mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Warburg aliandika habari za ugonjwa wa mihogo aliouona Usambara. Ugonjwa huo ndio tunaouita batobato. Majani huwa na mabaka ya njano au kijani hafifu, hujikunja na kudumaa. Huenezwa na wadudu wadogo, inzi weupe. Tena sisi wenyewe huueneza tunapokata pingili kwenye mmea mgonjwa.

Katika miaka ya 1930 wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani, mkoani Tanga, walitafuta mihogo inayostahimili ugonjwa huo. Kati yao walikuwemo H. H. Storey na R. F. W. Nichols. Walijaribu mihogo ya aina nyingi, lakini ustahimilivu wake haukutosha. Ndipo wakageukia ndugu wa mhogo. Mmoja wa ndugu hao ni ule mti wa mpira ambao majani yake tunayapika tukiyaita kisamvu cha mpira. Mti huo hauna mizizi ya kufaa kuliwa. Mtu wa haraka angesema, "Huu wa nini katika kazi ya mihogo?" Lakini ulikuwa na ustahimilivu.

Wakauchanganya na mhogo. Watoto walistahimili ugonjwa, lakini mizizi yao ilikuwa duni. Wakawachanganya watoto hao na mhogo tena. Wakachagua. Wakachanganya tena, wakachagua tena. Kila mara walibakiza miche iliyostahimili ugonjwa na kuwa na mizizi mizuri zaidi. Mwishoni walipata mihogo ya kuliwa yenye urithi wa ule mti wa mpira.

Katika miaka ya 1950 mbegu za ukoo huo zilipelekwa Nijeria. Huko, kuanzia miaka ya 1970, kituo cha utafiti cha IITA mjini Ibadan kilizitumia kuzalisha aina nyingine. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilizuka Uganda. Katika miaka ya 1990 ilienea, mashamba yakaangamia na watu wakapata njaa. Mihogo iliyosaidia kuyafufua mashamba hayo ni pamoja na aina zilizotoka Ibadan, kama ile inayoitwa Nase 3. Urithi ulioanzia kwenye vilima vya Amani ulikwenda Nijeria, ukarudi Uganda.

Lakini kazi haikwisha. Kuanzia mwaka 2004 ugonjwa wa michirizi kahawia, ule unaoozesha mizizi ardhini, ulienea Uganda. Aina kadhaa zilizoshinda batobato zilishindwa na michirizi. Ikabidi kuchanganya na kuchagua tena.

Tazama hatua za kazi hii. Kwanza, uwe na aina nyingi. Pili, uzijaribu. Tatu, uchague zilizo bora. Nne, uzichanganye upate watoto. Kisha urudie. Hatua hizi zikumbuke, maana sasa tunaingia kwenye kompyuta nazo.

KOMPYUTA INAJIFUNZA KWA MBEGU

Kompyuta ni mashine ya kuhesabu upesi sana. Ndani yake kila kitu huandikwa kwa alama mbili tu, 0 na 1. Yenyewe haina akili ya kujiamulia kazi. Hufuata orodha ya hatua ambayo watu wameiandika. Orodha ya namna hiyo huitwa algorithi. Hata maelezo ya kupika pilau ni algorithi: kaanga vitunguu, tia viungo, tia maji, tia mchele.

Ziko kazi ambazo hata kompyuta huzishindwa ikijaribu njia zote moja moja. Tuseme una vitu 6, na kila kimoja unaamua kukibeba au kukiacha. Ziko njia 64 za kuamua. Hizo utazimaliza. Vitu vikiwa 20, njia zinazidi milioni moja. Vitu vikiwa 30, zinazidi milioni elfu moja. Vitu vikiwa 100, hata kompyuta kubwa haiwezi kuzimaliza zote moja moja.

Katika miaka ya 1960 na 1970, John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alilifikiria jambo hili. Aliona kwamba mimea na wanyama hubadilika kufuatana na mahali wanapoishi, na hakuna anayejaribu njia zote. Hufanyika kwa kuchanganya urithi, kwa mabadiliko madogo ya bahati, na kwa kubaki wale waliofaa. Akauliza: kwa nini tusiifanye kompyuta izalishe majibu kama mkulima anavyozalisha mbegu? Mwaka 1975 alitoa kitabu juu ya jambo hilo. Njia hiyo tunaweza kuiita algorithi ya jeni.

TUFANYE WENYEWE: MZIGO WA BAISKELI

Usiogope. Njia hii tunaweza kuifanya hapa hapa, bila kompyuta. Mkulima anakwenda mnadani kwa baiskeli. Baiskeli yake haiwezi kubeba zaidi ya kilo 30. Ana vitu 6. Bei ni za mfano tu:

1. Mchele: kilo 10, shilingi 22,000
2. Maharage: kilo 8, shilingi 20,000
3. Mkungu wa ndizi: kilo 15, shilingi 12,000
4. Asali: kilo 5, shilingi 30,000
5. Mihogo mikavu: kilo 12, shilingi 12,000
6. Karanga: kilo 6, shilingi 18,000

Abebe nini apate fedha nyingi? Panga mstari wa vitu sita mezani kufuata orodha. Punje ya mahindi maana yake "beba". Kijiwe maana yake "acha". Mstari mmoja ni jibu moja. Ni kama kromosomu, na kila punje au kijiwe ni kama jeni.

Kwanza tunapanga mistari minne kwa kubahatisha:

Mstari wa 1: mchele, ndizi, asali. Kilo 30, shilingi 64,000.
Mstari wa 2: maharage, mihogo, karanga. Kilo 26, shilingi 50,000.
Mstari wa 3: mchele, maharage, ndizi. Kilo 33. Baiskeli imeelemewa, hatupati kitu.
Mstari wa 4: ndizi, mihogo. Kilo 27, shilingi 24,000.

Sasa tunachagua. Mstari wa 1 na wa 2 ndio bora, hao wawe wazazi. Tunaikata mistari hiyo katikati, baada ya kitu cha tatu, na kubadilishana nusu.

Mtoto wa kwanza anachukua nusu ya mwanzo ya mstari wa 1 na nusu ya mwisho ya mstari wa 2. Anabeba mchele, ndizi, mihogo na karanga. Ni kilo 43. Huyu hafai.

Mtoto wa pili anachukua nusu ya mwanzo ya mstari wa 2 na nusu ya mwisho ya mstari wa 1. Anabeba maharage na asali. Kilo 13, shilingi 50,000. Si mbaya. Sasa tumfanyie badiliko dogo la bahati: pale penye mchele palikuwa na kijiwe, tuweke punje. Anabeba mchele, maharage na asali. Kilo 23, shilingi 72,000. Amewapita wazazi wote wawili!

Tufanye kizazi kingine. Tumchanganye mtoto huyu wa 72,000 na ule mstari wa 2. Safari hii tunakata baada ya kitu cha tano. Mtoto wetu anatoa vitu vitano vya mwanzo. Mstari wa 2 unatoa kimoja cha mwisho, yaani karanga. Tunapata mchele, maharage, asali na karanga. Kilo 29, shilingi 90,000. Katika njia zote 64 hakuna inayozidi hii. Hakikisha mwenyewe kwa kalamu.

Kompyuta hufanya hivi hivi. Tofauti ni kwamba hupanga mistari mingi, mirefu, na kuirudia kwa vizazi vingi kwa muda mfupi. Na si kila mara hufikia jibu bora kuliko yote, ila mara nyingi hupata jibu zuri.

Mfano mmoja ni wa shirika la anga la Marekani, NASA. Walihitaji waya wa kunasa na kutuma mawimbi, yaani antena, kwa vyombo vidogo vitatu vya angani. Kompyuta ilianza na nyaya zilizopindwa ovyo ovyo katika hesabu zake. Ikazijaribu, ikachagua, ikabadili, ikarudia. Iliyopatikana ilikuwa kiwaya kilichopindapinda, mfano wa kibanio cha karatasi kilichoharibiwa na mtoto. Ukikiona unaweza kukitupa jalalani. Lakini kilifaa kazi. Tarehe 22 Machi 2006 vyombo hivyo vilirushwa angani vikiwa na antena hiyo.

Hata hivyo kompyuta haikujua lipi ni jema. Watu ndio walioiambia: antena nzuri ni yenye sifa hizi na hizi. Wangeiambia vibaya, ingezalisha vibaya. Mkulima naye ni hivyo hivyo. Akichagua mbegu kwa ukubwa tu, bila kutazama ugonjwa na utamu, atapata ukubwa na kukosa mengine.

KARANGA ZILITOKA WAPI?

Turudi kidogo kwenye mzigo wa baiskeli. Karanga zilitoka mstari gani? Zilitoka mstari wa 2, ule wa shilingi 50,000. Mistari mitatu mingine haikuwa na karanga hata mmoja. Sasa fikiri. Kama mwanzoni tungesema, "Mstari wa 1 ndio bora, mingine tupa," tungebaki na mistari inayofanana. Kuchanganya vinavyofanana hakuzai kipya. Tungebaki kungoja badiliko la bahati. Wataalamu wa kompyuta wanalijua tatizo hili vizuri. Majibu yao yakifanana mapema mno, kazi husimama kabla ya kufika mbali.

Kwa mashine hasara ni ya hesabu. Kwa mkulima hasara ni njaa. Mwaka 1970 wakulima wa Marekani walikuwa wamepanda mahindi chotara ambayo sehemu kubwa yake ilitokana na ukoo mmoja wa mama. Ukaja ugonjwa wa majani, wa kuvu, uliouweza ukoo huo. Kwa kuwa mashamba yalifanana, ugonjwa ulipita shamba kwa shamba. Mwaka ule walipoteza karibu asilimia 15 ya mahindi ya nchi nzima. Na wao walikuwa na mbegu za kisasa, dawa na matrekta.

Wazee walisema akiba haiozi. Aina mbalimbali za mbegu ni akiba. Ule mti wa kisamvu cha mpira ulikuwa akiba kwa mihogo. Mstari wa 2 ulikuwa akiba kwa mzigo wa baiskeli.

TUMJIBU MAMA

Basi mama, usiung'oe upesi mche wako. Kuwa tofauti si ugonjwa. Utazame majani yake. Kama una mabaka na umejikunja, huo ni mgonjwa, ung'oe, maana utaambukiza mingine. Lakini kama ni mzima, uache ukue. Uweke alama. Siku ya kuvuna utazame mizizi yake.

Lakini shika onyo hili: usiutafune mbichi, wala usimpe mtoto. Hujui kama ni mtamu au mchungu, na mihogo michungu ina sumu inayoweza kuua. Uufanye kama unavyofanya mihogo michungu: menya, loweka, anika, kisha pika. Wala usitegemee mno. Kati ya miche mingi ya mbegu ni michache inayofaa. Lakini huo mmoja unaweza kuwa ndio wenye karanga!

Na sisi sote tufanye haya: Tuchague pingili kwenye mimea isiyo na dalili za ugonjwa. Tusichukue pingili mahali palipo na ugonjwa na kuzipeleka kwingine. Tumwombe afisa ugani atuonyeshe aina zinazostahimili magonjwa. Na tunapopokea aina mpya, tusiifute ile ya zamani yote. Tubakize mistari kadhaa shambani.

Mzee aliyesema "ung'oe" alikuwepo siku tulipofanya mchezo wa mzigo wa baiskeli darasani. Mwisho alizichukua punje na vijiwe akaviangalia kiganjani. Akasema, "Kumbe nyumbani nina aina mbili tu za mihogo. Baba yangu alikuwa nazo tano." Darasa lilinyamaza. Kisha mama mmoja wa nyuma akasema, "Mzee, moja ya hizo tatu iko kwangu. Njoo Jumamosi nikukatie pingili."

MANENO YA KUKUMBUKA

Jeni: kipande cha maagizo ya urithi.
Kromosomu: uzi wenye jeni nyingi.
Chotara: aliyetokana na wazazi wa aina mbili.
Algorithi: orodha ya hatua za kufanya kazi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kuna tofauti gani kati ya kupanda pingili na kupanda mbegu ya mhogo?
2. Kwa nini si haki kumlaumu mama kwa kuzaa wasichana tu?
3. Mti wa kisamvu cha mpira hauna mizizi ya kufaa kuliwa. Uliwasaidiaje wakulima wa mihogo?
4. Fanyeni mchezo wa mzigo wa baiskeli kwa vitu vyenu na bei za mnada wenu. Mmefika jibu gani, kwa vizazi vingapi?
5. Kijijini kwenu ziko aina ngapi za mihogo, au za mtama, au za maharage? Zilikuwa ngapi wakati wa wazazi wenu? Ziandikeni majina yake zote kabla hayajasahaulika.